Mbao za Nyumba ya Ruan

"Mnara kwa Shomoro. Kipanga ameshuka garini."

Yin Manrong hakuinua uso. Alichana tiketi mbili, akawapa mke na mume waliotoka Nanjing, akawaonyesha mlango kwa kidevu.

"Inueni miguu. Kizingiti hiki kimewaangusha hata mahakimu."

Wakacheka, wakaingia. Manrong akagusa kibanio cha nywele kana kwamba kinamlegea. Ndani ya kibanio hicho cha pembe ya nyati mlikuwa na redio ndogo kama punje ya kunde.

"Shomoro nimesikia."

"Mvua inanyesha wapi?"

"Ndani."

Maana yake: mzee yumo, mzigo umo, hakuna kilichotoka. Lakini hata asiyejua mafumbo ya Idara ya Usalama angesema hivyo hivyo. Ilikuwa asubuhi ya Qingming, siku ya kufagia makaburi, na manyunyu ya Huizhou yalikuwa yakishuka katikati ya nyumba, kupitia uwazi wa paa, yakidondoka kutoka vigae vyeusi vya pande nne hadi kwenye birika la mawe sebuleni. Walioijenga nyumba ile miaka mia tatu iliyopita hawakutaka tone lao liende kwa jirani.

Kipanga akatokea mlangoni.

Jina la pasipoti: Adrian Keppler. Umri: hamsini na sita. Viatu vya kupandia milima, mwavuli mweusi, kamera ya Leica kifuani. Kichina alikiongea kama aliyekinyonya kwa mama yake.

"Tiketi moja, dada. Wazee mnatupunguzia?"

"Wa miaka sabini huingia bure. Wewe rudi baadaye."

"Umenifurahisha."

"Inua mguu."

Aliuinua. Lakini hakutazama chini. Mgeni wa mara ya kwanza hutazama kizingiti. Keppler alitazama juu, kwenye boriti.

Alikwisha kuingia humu.

Manrong akageuza kibao kilichoandikwa "Narudi punde", akachukua ufagio wa manyoya ya jogoo, akamfuata.

Keppler alipita ukumbi wa kwanza bila kusimama. Hakuiangalia saa ya mezani, wala jagi lililokuwa mashariki yake, wala kioo kilichokuwa magharibi yake. Alikwenda moja kwa moja ukumbi wa pili, mahali palipokuwa na zile mbao.

Mbao kumi na mbili za nakshi, kila moja ndefu kumpita mtu, zilizosimama bega kwa bega kama ukuta wa chumba cha wageni. Mbao za mkafuri. Juu yake wachongaji wa zamani walichonga wavuvi, wakata kuni, wakulima na wasomi, na kila uso ulikuwa na hasira yake au kicheko chake. Watu walitoka Shanghai kuja kuzitazama.

Keppler akagonga ya kwanza kwa ukucha. Ta.

Ya pili. Ta.

Manrong alifuta vumbi lisilokuwepo. Akahesabu pamoja naye.

Ya kumi na moja. Ta.

Ya kumi na mbili. Tiiing.

Keppler akakunja uso. Akagonga tena. Sauti ile ile, kavu, ndefu, sauti ya mti uliokaa ndani ya nyumba karne tatu.

Kumi na moja zilikuwa bandia, zilizochongwa na kufukizwa moshi zizeeke. Moja ilikuwa ya kweli.

Nani aliyeibakiza, na kwa nini?

Manrong alijua. Keppler hakujua, na alionekana kuudhika kama mtu aliyepunjwa sokoni. Akapiga picha moja, akaelekea ukumbi wa nyuma, kwenye vibao vyenye majina ya wahenga. Pale, juu ya mabenchi mawili, lilikuwa jeneza jipya jeusi lililong'aa kwa lakeri. Keppler akainama kwa heshima, akaweka shada la krisanti nyeupe juu ya kifuniko, akatoka kwa mlango wa pembeni.

Simu ya Manrong, Huawei ya bei ya chini kwa nje, ikatetemeka mfukoni. Mshale mwekundu. Ndani ya shada mlikuwa na kifaa kinachotoa mawimbi.

"Mnara, Kipanga ameweka alama kwenye jeneza."

"Basi ni leo."

"Ni leo."

"Usimwache mzee."

 Huyo mzee ndiye aliyekuwa akimnyima Manrong usingizi.

*

Miezi minane alikaa katika nyumba ile akiitwa Qiu. Qiu, mwanamke wa miaka thelathini na minane aliyeachwa na mume, aliyetafuta kazi ya kuuza tiketi na kupata chumba cha kulala. Idara ilimpa jina, ikampa talaka, ikampa hata kovu la kuungua mkononi ili aonewe huruma.

Nyumba mbili za kale zilikuwa zimekwisha kuibiwa kabla ya hapo. Madirisha, mihimili, hata vizingiti vya mawe. Mlinzi wa nyumba ya pili alikutwa kisimani, kichwa chini. Nyuzi zote zilielekea kwa Keppler, aliyewatafutia matajiri wa nje vitu visivyouzwa, na kwa Gu Decheng, mwenye karakana ya kuchonga nakala mjini. Ila hakuna aliyewahi kuwashika na mzigo mkononi.

Na katika nyumba ya Ruan, ni nani aliyewafungulia mlango?

Ruan Jingtao mwenyewe. Mtu wa mwisho wa ukoo kuishi humo. Mzee wa miaka sabini, mfupi, mkavu, mwenye masikio makubwa na mdomo usiochoka. Wiki ya kwanza alimwita Manrong "wewe". Wiki ya tatu akamwita "Qiu". Mwezi wa tatu, Manrong aliposhikwa na homa na mzee akamkesha na uji wa tangawizi, akamwita "mwanangu". Naye akamwita "baba mkubwa". Tangu hapo hawakuitana vingine.

Alimkuta jikoni, akikaanga tofu, jibini ya soya inayooteshwa ukungu kwa mapishi ya Huizhou. Alikuwa amevaa koti la bluu lililopigwa pasi, kola imefungwa hadi kooni.

"Mzungu mwenye mwavuli kaondoka?" mzee akauliza.

"Kaondoka."

"Alisema nini?"

"Ati tuwapunguzie wazee."

"Mzee yeye? Nywele zote kichwani?" Mzee akacheka, kisha kicheko kikakatika. "Kula. Leo tutatembea sana. Na usiniambie umeshiba, mwanamke unayeunguza wali kila siku huwezi kuwa umeshiba. Ndiyo maana yule bwana alikukimbia."

"Nitatafuta mpishi, baba mkubwa."

"Mpishi gani atakuchukua? Atakufa kwa aibu."

Manrong akala. Tofu ilikuwa tamu. 

"Qiu." Mzee alizima moto. "Nina neno."

"Sema."

"Kaka yangu hakuacha mtoto. Jeneza lisilofuatwa na mtoto ni kama mbwa aliyefia njiani. Mimi ni mdogo wake, siwezi kulivalia kitambaa cha msiba anachovaa mtoto." Akachomoa kitambaa cheupe kutoka mfukoni, kimekunjwa vizuri. "Utamvalia wewe? Hata kwa leo tu. Uwe binti yake."

Kibanio kikanong'ona: "Kubali. Kitakuweka karibu na jeneza."

Manrong alitamani kukivunja kwa meno.

"Nitavaa, baba mkubwa."

 Mzee alimfunga kitambaa kichwani yeye mwenyewe, na kitambo kirefu hakuondoa mkono.

*

Kaka huyo aliitwa Ruan Jinghai. Mwaka 1962, mwaka wa njaa, alikuwa na miaka kumi na tisa. Aliondoka asubuhi moja kwenda kusini, avuke ghuba mpaka Hong Kong, apeleke pesa nyumbani. Jingtao alikuwa na miaka kumi na minne. Alimsindikiza hadi daraja la mawe. Hapakuja barua.

Ukumbini mwa nyumba ile palikuwa na meza ya duara iliyogawanyika nusu mbili. Bwana wa nyumba akiwapo, nusu hizo huunganishwa; akisafiri, hutenganishwa, kila moja ukutani kwake, ili mgeni ajue asiketi sana. Mama yao alizitenganisha siku Jinghai alipoondoka. Akafa zikiwa zimetengana.

Halafu, miaka miwili iliyopita, Gu Decheng akaja na barua aliyosema ni ya Jinghai.

Jinghai alivuka, barua ilisema. Akapanda meli, akaishi katika bandari ya mbali ng'ambo ya bahari, akafua nguo za watu, akazeeka, akaugua. Hakuoa. Alitaka jambo moja tu: arudishwe. Gu alisema Jinghai amekwisha kufa, na kwamba anamfahamu aliyeyahifadhi majivu ya mwili wake. Mtu huyo hataki fedha. Anataka mbao.

"Mbao kwa mfupa," mzee alimwambia Manrong mwezi uliopita, siku alipoamua kumwamini. "Serikali inasema nyumba ni urithi wa taifa. Sawa. Lakini kaka ni wangu. Mbao zina uso wa wavuvi; kaka ana uso wake. Wewe ungechagua nini?"

Alitoa kumi na moja. Ya kumi na mbili aliwanyima. Upande wake wa nyuma, chini kabisa, Jinghai alikuwa amechora kwa msumari majina yao mawili walipokuwa watoto, akachapwa kwa ajili hiyo.

Chungu cha majivu kilipofika, mzee aliunganisha zile nusu za meza. Akaketi mbele yake mchana kutwa bila kula.

Na siku chache baadaye, mzee alipokwenda kununua ubani, Manrong akafungua chungu na kuchota kijiko kimoja cha majivu.

Jibu la maabara lilirudi siku tatu zilizopita.

"Mnara kwa Shomoro. Ni mifupa ya ng'ombe na chokaa. Na kuna jingine. Jina la Ruan Jinghai limo katika orodha ya maiti waliookotwa ghubani, Mei 1962."

Manrong alikaa juu ya kitanda chake, akiutazama ukuta.

"Naomba ruhusa ya kumwambia."

"Imekataliwa."

"Sababu?"

"Akijua, uso wake utasema. Kipanga akiusoma uso huo, ataruka. Na aliyekutwa kisimani atakuwa amekufa bure."

"Ni mzee wa miaka sabini."

"Ni mtuhumiwa, Shomoro."

Hakubisha tena. Aliyekutwa kisimani naye alikuwa na mama.

*

Saa nne kamili baruti zikalipuka langoni. Zumari ikalia. Wachukuzi wanane wa Gu wakaliinua jeneza.

Ndani yake, juu, mlikuwa na chungu cha majivu, ambacho mzee alikilaza mwenyewe kwa mikono miwili kama anayelaza mtoto. Chini, kwenye sehemu ya siri iliyofunikwa shuka nyeupe, zilikuwa mbao kumi na moja.

Hakuna askari afunguaye jeneza siku ya Qingming. Gu alikuwa amefikiri vizuri.

Alitembea mbele, mnene, koti jeusi, akiwagawia watu sigara. Manrong alitembea nyuma ya jeneza, kitambaa cheupe kichwani, bastola ya QSZ-92 chini ya sweta. Mzee alimshika mkono. Kiganja chake kilikuwa cha moto.

"Unasikia zumari?" mzee akamnong'oneza. "Kaka alikuwa mwoga wa baruti. Alikuwa akiziba masikio. Mwanamume mzima."

"Baba mkubwa, angalia utelezi."

"Miaka hamsini na sita, Qiu. Nilidhani nitakufa bila kumwona."

Manrong aliangalia matope.

Njia ilikatiza mashamba ya haradali yaliyochanua manjano mpaka vilimani. Juu, katikati ya manyunyu, droni ya Mnara ilielea kama nzi. Msafara ukavuka daraja la mawe, ukafika kwenye banda la kukaushia chai. Hapo Gu akainua mkono.

"Tupumzike! Kamba zinalegea. Wafiwa geukeni, mnajua mila. Anayetazama jeneza likifungwa upya huita roho irudi."

Wanakijiji wakageuka wote, wazee kwa vijana. Mzee Ruan akageuka. Alijua kinachofanyika, au alidhani anajua: wangezitoa mbao, wamwachie kaka yake.

Manrong aligeuza mwili. Macho hakugeuza. Kioo kidogo kwenye kifuniko cha simu kilimwonyesha kila kitu.

Sekunde ya kumi: pazia la turubai likafunguliwa nyuma ya banda. Sekunde ya ishirini: jeneza la pili, jeusi, pacha. Sekunde ya arobaini: la kwanza likateleza ndani ya kigari cheupe cha Wuling chenye picha za tofu ubavuni, na Gu akaruka kwenye usukani.

Hawakutoa mbao. Walichukua jeneza zima.

Pamoja na chungu.

"Mnara. Yai limebadilishwa kiota. Kigari cheupe, njia ya chini."

"Tumekiona. Barabara imefungwa. Mfuate, lakini Kipanga kwanza. Nataka aonekane akiushika mzigo."

Manrong akauvuta mkono wake. Mzee hakuuachia.

"Unakwenda wapi? Bado hawajamaliza."

"Niachie, baba mkubwa."

"Wewe ndiye mtoto wake. Huwezi kuondoka."

"Niachie!"

Aliuchomoa kwa nguvu. Mzee akayumba. Manrong akakimbia.

Nyuma yake alisikia minong'ono, kisha sauti ya mzee, ndogo na ya mshangao: "Qiu? Qiu!" Kisha kifuniko kikifunuliwa. Kisha mtu akipaza sauti kwamba ndani ni mawe matupu. Mzee alikuwa ameona kilichomo ndani ya jeneza pacha.

Manrong aliruka mtaro, akashuka matuta ya chai kwa matako, akasimama, akakimbia tena. Kigari kilikuwa chini yake, kikirudi nyumanyuma. Gu alikuwa ameona taa za polisi mbele. Akakata kona kuingia njia ya mashamba. Gurudumu la nyuma likaserereka, likatumbukia mfereji wa maji.

Injini ikanguruma. Matope yakaruka. Kigari hakikutoka.

Gu akashuka akitukana. Akafungua mlango wa nyuma, akainua kifuniko, akakamata kitu cha kwanza kilichomzuia njia, akakitupa mferejini.

Chungu kikapasuka.

Audi nyeusi ikasimama kwenye kona. Keppler akatoka bila mwavuli. Akaingiza mikono ndani ya jeneza, akavuta shuka, akaugusa uso wa mvuvi aliyechongwa. Akatabasamu.

Mzigo mkononi.

"Mnara, Kipanga ameushika."

"Mchukue."

"Idara ya Usalama!" Manrong alipaza sauti. "Mikono juu!"

Gu akainua mikono papo hapo. Keppler hakuinua; alichomoa bastola yenye kizuia sauti. Risasi yake ilitoka kimya, ikakata majani ya chai karibu na sikio la Manrong. Akajitupa chini. Risasi ya pili ikala udongo.

"Muuza tiketi!" Keppler akacheka. Alikuwa amejificha nyuma ya jeneza, mbao zikiwa ngao yake. "Piga basi, dada! Karne tatu hizi hapa. Piga!"

Hakuweza kupiga. Keppler alilijua hilo.

Manrong akalaza shavu kwenye matope. Chini ya kigari, kati ya magurudumu, aliona viatu vya kupandia milima.

Risasi moja.

Keppler alianguka akipiga yowe. Bastola ikamtoka. Manrong alizunguka kigari kwa hatua nne, akaipiga teke ikaingia mferejini, akamgeuza mtu yule kifudifudi na kumfunga pingu. Kisha Gu. Dakika moja na nusu tangu amri.

"Mnara, kazi imekwisha. Mmoja amejeruhiwa mguu. Mbao zote salama."

"Safi sana, Shomoro."

Ndipo alipomwona mzee.

Alikuwa ameshuka matuta peke yake. Kiatu kimoja hakikuwepo mguuni. Hakumtazama Manrong, hakuzitazama bunduki za askari waliokuwa wakifika, wala mbao za babu zake zilizokuwa wazi zikinyeshewa. Alikuwa akitafuta chini. Akaona vigae vya chungu mferejini.

Akapiga magoti majini, akaanza kuchota matope kwa viganja na kuyaweka kwenye koti lake la bluu.

"Kaka," alikuwa akisema. "Kaka, ngoja. Ngoja kidogo."

Gu, aliyekuwa amekalishwa chini na mikono nyuma, akamtazama. Labda ni hasira ya kushikwa. Labda ni ukatili tu.

"Acha, mzee. Unachota ng'ombe."

Mzee hakusikia.

"Nasema ng'ombe! Mifupa ya machinjioni na chokaa. Barua niliandika mimi, mezani kwangu, nakunywa chai. Kwani hukuona mwandiko ulivyokuwa mzuri? Mwanakijiji gani wa mwaka sitini na mbili aliandika vile?"

"Nyamaza!" Manrong akamwamuru.

Lakini neno likishatoka halirudi. Mikono ya mzee ikasimama. Maji yalipita kati ya vidole vyake, meupe, kisha ya kijivu, kisha masafi.

"Qiu," akasema taratibu. "Huyu anadanganya."

Manrong alirudisha bastola kwenye ala. Angeweza kusema sijui. Miezi minane alikuwa akidanganya bila kupepesa.

"Hadanganyi, baba mkubwa."

"Wewe umejuaje?"

"Nilichota kijiko. Nikapeleka kupimwa."

"Lini?"

"Jibu lilikuja siku tatu zilizopita."

Mzee akahesabu kichwani, Manrong alimwona akihesabu. Siku tatu. Kitambaa cheupe, tofu, mkono kwa mkono nyuma ya jeneza.

"Ukanivalia msiba wa ng'ombe," mzee akasema.

Manrong aligusa kitambaa cheupe kichwani.

"Na kaka? Yuko wapi kaka?"

"Hakuvuka. Maiti yake iliokotwa ghubani mwezi wa tano, mwaka ule ule. Wavuvi walimzika ufukweni pamoja na wengine. Hakuna alama."

Mvua ilizidi. Askari mmoja alikohoa, akageuka pembeni. Mzee Ruan alibaki amepiga magoti, koti limejaa matope mapajani.

"Hakujua kuogelea," akasema hatimaye. "Nilimwambia. Pale darajani nilimwambia, kaka, wewe huogopi? Hujui kuogelea. Akasema atajifunzia njiani."

Akalia. Hakulia kama wazee wanavyolia, kwa staha na kitambaa. Alilia kama yule wa miaka kumi na minne.

Manrong aliingia mferejini, akamshika mabega ainuke. Mzee aliinuka, lakini alipokwisha kusimama aliuondoa mkono wake begani, taratibu, kama mtu anayeondoa jani.

"Mnara kwa Shomoro. Mfunge mzee pingu. Ni utaratibu."

"Hazihitajiki."

"Shomoro, ni amri."

"Nimesema hazihitajiki. Mwandikie yeyote umtakaye."



Manrong alimpeleka mzee hadi kwenye gari la polisi. Mlangoni mzee akasimama. Aliyakung'uta matope ya koti lake, akaifunga kola iliyokuwa imefunguka, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu ashuke kilimani.

"Qiu ni jina lako?"

"Hapana."

"La kweli ni lipi?"

"Siruhusiwi kulitaja."

"Yule bwana aliyekuacha?"

"Hakuwepo."

Mzee akatikisa kichwa, kama anayesikiliza habari za kijiji kingine.

"Basi ukimwona Qiu, mwambie sina kinyongo naye. Alikuwa mtoto mzuri. Wewe sikujui."

Akainama, akaingia garini. Mlango ukafungwa.

Kwenye machela Keppler alikuwa akidai wakili kwa lugha tatu. Wataalamu wenye glavu walikuwa wakizifunika mbao kwa nailoni, moja moja, wakihesabu kwa sauti. Zilikuwa kumi na moja. Hakuna hata moja iliyochubuka. Kabla ya mwezi kuisha zingerudi mahali pake, na watu wa Shanghai wangekuja kuzitazama.

"Shomoro, gari lako liko kwenye kona," kibanio kilisema, kwa upole sasa. "Umefanya kazi nzuri."

"Nitatembea."

Akakichomoa kibanio, akamkabidhi askari wa karibu pamoja na bastola. Nywele zikamwangukia mabegani. Akapanda njia, mikono mifukoni, bila haraka.

Kwenye daraja la mawe alikutana na wanakijiji waliokuwa bado wamesimama mvuani, zumari ikiwa kwapani mwa mpigaji. Shangazi mmoja, jirani aliyemletea mayai kila Jumapili, akamshika kiwiko.

"Qiu! Nini kimetokea huko chini? Mzee yuko wapi? Tunazika au hatuziki?"

"Hatuziki, shangazi," Manrong akamwambia. "Nendeni nyumbani, mtalowa."

Akavuka daraja, akaendelea kutembea upande wa kusini, njia aliyoishika Jinghai siku alipoondoka, kitambaa cheupe kikiwa bado kichwani.